Rohan Bopanna Hakufeli Singo, Alifaulu Dabo

Muulize mtu yeyote anayeshinda kwenye simu akutajie mastaa wa tenisi. Atakupa Serena, Federer, Nadal, Djokovic, na kama anafuatilia mambo ya juzijuzi ataongeza Alcaraz na Sinner. Sasa wewe mtajie Rohan Bopanna. Wengi watauliza kama ni mwigizaji wa filamu za Kihindi.

Sio mwigizaji. Ni Mhindi kweli, ila kazi yake ilikuwa raketi, na mwezi Januari 2024 alikaa namba moja duniani akiwa na miaka 43. Isome tena hiyo namba. Miaka 43, umri ambao wenzake wa rika moja walishakuwa makocha, wachambuzi wa kwenye TV, au wazee wa kusimulia enzi zao. Hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kufika juu pale kwa mara ya kwanza akiwa na umri huo. Rekodi kabla yake ilikuwa ya Mmarekani Rajeev Ram, aliyeiweka akiwa na miaka 38, na wakati huo watu walimwona Ram mzee.

Kwa nini basi jina halijulikani? Kwa sababu ya neno moja: dabo. Tenisi ina sura mbili. Kuna singo, mmoja kwa mmoja, hiyo unayoiona kwenye klipu zote. Na kuna dabo, wawili kwa wawili, uwanja unapanuliwa pembeni kidogo na mpira unaenda kasi kiasi kwamba kamera yenyewe inahangaika. Bopanna alikuwa mtu wa dabo. Na ukishasema dabo, kuna mtu lazima atatokea na ile kauli: "Aah, hao si ndo waliofeli singo?"

Kauli hiyo imekaa mjini muda mrefu, na haina mashiko. Ngoja ichambuliwe taratibu.

Bopanna alizaliwa Machi 4, 1980, akakulia Kodagu, kule kusini mwa India, nchi ya milima na mashamba ya kahawa. Familia yake ni ya wakulima wa kahawa. Yaani kama ni huku kwetu, mchukulie kijana wa Mbinga au Moshi aliyeshuka mlimani na raketi mkononi akasema anaenda kutafuta maisha kwenye tenisi. Watu wangemshangaa. Aliingia rasmi kwenye mchezo wa kulipwa mwaka 2003, na kwa miaka ya mwanzo alicheza singo kama kila mtu.

Kule kwenye singo alifika namba 213 duniani, mwaka 2007. Hapo ndipo wapiga soga wanapopata cha kusema. Lakini tulia kidogo. Mtu wa 213 duniani kwenye singo ni mkali kuliko mchezaji yeyote wa tenisi utakayekutana naye maisha yako yote. Tatizo la 213 ni kwamba tenisi hailipi ukali, inalipa nafasi. Grand Slam moja ya singo inachukua watu 128. Ukiwa 213 huingii moja kwa moja, unapanga foleni ya mchujo. Wiki nyingine zote unazunguka mashindano madogo kwenye miji ambayo hujui hata kuitamka, tiketi ya ndege juu yako, hoteli juu yako, kocha juu yako. Unashinda mechi mbili unarudisha nauli. Unapoteza ya kwanza, umepata hasara na bado unatabasamu kwenye picha.

Bopanna alikuwa na servisi nzito, ya kutisha kabisa, na mikono ya haraka karibu na wavu. Miguu ya kukimbizana na watoto wa miaka 20 kwa saa nne hakuwa nayo sana. Akafanya hesabu ambayo vijana wengi mjini wanaogopa kuifanya: akaangalia anachokiweza kuliko wengine, akakifuata hicho, hata kama hakina kiki. Huko si kufeli. Aliyefeli ni yule anayeng'ang'ania kitu hadi kimfukuze.

Na singo yenyewe hakuiogopa. Septemba 2010, Chennai, India ilikuwa inacheza na Brazil kwenye Kombe la Davis. India wakawa nyuma mechi mbili bila. Wakashinda ya tatu, wakapata ya nne, na ikaja ya tano ya kuamua kila kitu. Aliyeingia uwanjani ni Bopanna, mtu wa dabo, kucheza singo dhidi ya Ricardo Mello. Alimpiga seti tatu kwa bila. Mtu aliyefeli hapewi mechi ya tano.

Mwaka huohuo ndio dunia ilimjua kwa mara ya kwanza, na sababu ilikuwa patna wake. Aisam-ul-Haq Qureshi, Mpakistani. Mhindi na Mpakistani upande mmoja wa wavu. Kwa anayejua historia ya nchi hizo mbili, hilo pekee lilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Walivaa mavazi ya kampeni ya kuacha vita na kuanza tenisi, wakaenda hadi fainali ya US Open 2010. Mabalozi wa India na Pakistan kwenye Umoja wa Mataifa walifika uwanjani, wakakaa kuitazama ile mechi pamoja. Wakapigwa na ndugu wawili mapacha, Bob na Mike Bryan, ambao miaka ile walikuwa wanampiga kila mtu, kwa hiyo si aibu. Walikosa kombe, ila jaribu kukumbuka ni mechi gani ya singo iliyowahi kuwakalisha mabalozi wa nchi hizo mbili jukwaa moja.

Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wa nje hawalielewi kuhusu dabo. Ni ndoa. Na ni ndoa isiyo na sherehe. Mnasafiri pamoja, mnakula pamoja, mnagawana kocha, mnagawana hela nusu kwa nusu, na kuingia kwenye mashindano kunategemea nafasi zenu mkizijumlisha. Patna akishuka, anakushusha. Akiumia goti Jumatatu, wewe mzima kabisa unakaa hotelini Jumanne. Na ndoa zenyewe zinavunjika kwa meseji. Mtu anakuambia msimu ukiisha anaenda kujaribu na mwingine, na kesho yake mnatakiwa kuingia uwanjani mkipigana viganja kila baada ya pointi kama hakuna kilichotokea.

Bopanna aliachana na Qureshi ili acheze na Mahesh Bhupathi, wakijiandaa na Olimpiki ya London 2012. Wakati wa uteuzi likazuka varangati zito huko India, nani acheze na nani, yeye na Bhupathi wakagoma kutenganishwa ili mmoja wao apangwe na Leander Paes. Magazeti ya kule yalikula sana kwenye hilo. Ukipenda ugomvi wa wasanii wa lebo moja, ungeipenda hiyo. Mwisho wa yote Bopanna na Bhupathi walitoka raundi ya pili tu London. Bongo tungeweka nyuzi mia mbili za kejeli. Lakini mwaka huohuo, mkiwa mmesahau, walibeba kombe la Masters la Paris na kufika fainali ya mashindano ya mwisho wa mwaka. Mwaka uliofuata Bopanna akafika namba tatu duniani.

Halafu ikaja miaka ya kuzunguka. Patna huyu, patna yule. Mwaka 2015 na Mromania Florin Mergea, tena fainali ya mwisho wa mwaka, tena akakosa. Rio 2016 na Sania Mirza, walifika hadi mechi ya kugombea shaba, wakamaliza wa nne. Wa nne kwenye Olimpiki ni mahali pabaya kuliko pa mwisho. Wa mwisho anarudi nyumbani na usingizi wake.

Paris 2017 ndipo alipopata Grand Slam ya kwanza, dabo ya mchanganyiko, yeye na Mkanada Gabriela Dabrowski. Walipoteza seti ya kwanza, wakachungulia kaburi kwenye ile ya kuamua, wakatoka nalo 12-10. Dabrowski akawa mwanamke wa kwanza wa Kanada kubeba Grand Slam. Hilo kombe likumbuke, litarudi mbele kidogo.

Kombe la wanaume lilikuwa bado halijapatikana. Na magoti yalishaanza kudai. Gegedu, ile nyama laini inayozuia mfupa kusagana na mfupa, ilikuwa imeisha. Alikuwa anacheza kwa maumivu na dawa. Kilichomsaidia ni yoga ya Iyengar, ile ya kukaa kwenye mkao mmoja muda mrefu kwa kutumia kamba na viti, aliyoianza akiwa ameshavuka umri ambao wengi wangestaafu. Vijana wa gym wanaoicheka yoga waipitie hiyo sentensi mara mbili.

Mwaka 2021 ulikuwa mbaya kuliko yote. Mwenyewe amesimulia kwamba alikaa miezi mitano bila kushinda mechi hata moja. Miezi mitano. Kila wiki mji mpya, kila wiki kufunga begi mapema. Akiwa na miaka 41, ana mke na mtoto mdogo nyumbani, akamtumia mkewe ujumbe kwamba anafikiria kuacha. Angeacha siku ile hakuna ambaye angemlaumu, na wala hakuna ambaye angeandika lolote. Angeondoka kama wachezaji wengi wa dabo wanavyoondoka, kimyakimya, kwa mlango wa nyuma.

Hakuacha. Na mwaka 2023 akaungana na Mwaustralia Matthew Ebden, jamaa mwingine ambaye naye alitoka kwenye singo. Kilichofuata kilikuwa noma. Machi 2023 wakabeba Indian Wells, Bopanna akiwa na miaka 43, mzee kuliko bingwa yeyote wa ngazi ile ya Masters. Septemba wakafika fainali ya US Open, miaka 13 baada ya ile ya kwanza na Qureshi.

Kwenye fainali hiyo likatokea tukio dogo ambalo linamweleza mtu huyu kuliko makombe. Ilikuwa seti ya tatu, mechi imebana. Mpira ukamgusa Bopanna mkononi kidogo sana kabla ya kwenda ulikokwenda. Hakuna aliyeona. Pointi ilikuwa yao. Yeye mwenyewe akamgeukia mwamuzi akasema umenigusa, wapeni wale pointi. Fainali ya Grand Slam, kombe ambalo hajawahi kulipata maishani, na anatoa pointi ambayo hakuna mtu angemdai. Walipoteza ile mechi dhidi ya Ram na Muingereza Joe Salisbury. Klipu ilizunguka mtandaoni siku mbili tatu, watu wakaweka mioyo, kisha wakaendelea na mengine.

Miezi minne baadaye, Melbourne. Kwa kushinda robo fainali tu, akawa amejihakikishia namba moja. Januari 27, 2024 wakacheza fainali ya Australian Open na Waitaliano Simone Bolelli na Andrea Vavassori, wakashinda 7-6, 7-5. Ilikuwa mara yake ya 61 kushiriki dabo ya wanaume kwenye Grand Slam, na Ebden alikuwa patna wake wa 19. Ukikataliwa mara 60 kwenye usaili wa kazi, ya 61 utaenda?

Na sasa tuongelee hela, maana hapa ndipo dharau inapokuwa na risiti.

Australian Open ile ile, mwaka ule ule. Bingwa wa singo alipewa dola za Australia 3,150,000. Mabingwa wa dabo walipewa 730,000, na hizo ni za wawili. Wagawane. Kila mmoja 365,000. Hela nyingi, ndiyo, hakuna anayebisha. Lakini mchezaji wa singo aliyetolewa raundi ya nne, yaani aliyeshinda mechi tatu akapigwa ya nne, alipata 375,000. Bopanna alishinda mechi sita, akabeba kombe, akaondoka na pungufu ya mtu aliyepigwa raundi ya nne. Na hapo tunaongelea Grand Slam, mahali penye neema. Mashindano ya wiki za kawaida pengo linauma zaidi, kwa sababu kiasi chenyewe ni kidogo halafu kinakatwa katikati.

Watetezi wa mfumo wana jibu lao, na ni jibu la kweli kwa sehemu: watu wanalipia tiketi kumuona Sinner, hawalipii kumuona Bopanna. Biashara ni biashara. Sawa. Lakini hebu angalia namna hiyo biashara inavyotengenezwa. Dabo inapangwa uwanja wa pembeni, saa ambayo watu wanaenda kula. Kwenye TV haionyeshwi, na ikionyeshwa inakatwa katikati singo ikianza. Kwenye mashindano mengi ya wanaume seti ya tatu iliondolewa tangu miaka ya 2000, ikawekwa tai-breki ya pointi 10 ili mechi iishe haraka ipishe wengine. Unamficha msanii kwenye jukwaa la nyuma saa nane mchana, unamzimia maiki kwenye wimbo wa tatu, halafu unasema hana mashabiki. Maprodyuza wa Bongo Fleva wanaijua hiyo habari vizuri. Wimbo unabamba nchi nzima na jina lao watu wanalisikia sekunde mbili mwanzoni.

Kisha likaja la Agosti 2025, US Open. Waandaaji wakaamua kuifumua dabo ya mchanganyiko. Timu zikapunguzwa hadi 16, seti zikafupishwa hadi gemu nne isipokuwa fainali, mambo yote yakamalizwa kwa siku mbili kabla singo haijaanza. Nafasi nane zikagawiwa kwa kuangalia nafasi za watu kwenye singo. Singo! Kuingia dabo unapimwa kwa singo. Nane zilizobaki waandaaji wakazigawa wenyewe kwa mialiko. Zawadi ikapandishwa kutoka dola 200,000 hadi dola milioni 1. Yaani miaka yote hela haikuwepo, ila siku mastaa wa singo walipoitwa, ikaonekana.

Rudi sasa kwenye lile kombe la Bopanna na Dabrowski la 2017. Kwa utaratibu kama huo, watu wa aina yao wangeingilia wapi? Kwa huruma ya mwaliko tu. Njia iliyompa mkulima wa kahawa Grand Slam yake ya kwanza akiwa na miaka 37 ingekuwa imezibwa, na aliyeiziba angeita hiyo burudani.

Waitaliano wawili walipewa mwaliko kwa sababu walikuwa mabingwa watetezi: Sara Errani, miaka 38, na Andrea Vavassori, yuleyule aliyepigwa na Bopanna fainali ya Melbourne. Wao pekee ndio walikuwa timu ya watu wa dabo hasa, katikati ya bahari ya mastaa. Wakapita. Wakapita tena. Wakafika fainali dhidi ya Iga Swiatek na Casper Ruud, watu wawili ambao wamecheza fainali za singo za Grand Slam, na wakashinda 6-3, 5-7, 10-6. Baada ya mechi Errani akasema kombe lile ni la wachezaji wote wa dabo waliokosa nafasi ya kucheza.

Sasa wale wa "waliofeli singo" waje waeleze. Waliofaulu singo waliletwa, wakawekewa uwanja mkubwa, wakawekewa milioni, wakapewa hadi kanuni fupi. Wakapigwa na mama wa miaka 38 mwenye servisi ambayo watu wamekuwa wakiicheka miaka kumi na tano. Kwa sababu dabo ni ufundi mwingine. Ishara za vidole nyuma ya mgongo, kujua patna atahama lini bila kumtazama, kuukata mpira hewani ambao umekujia kutoka hatua nne. Hayo hayaji kwa kuwa na forihendi kali. Yanakuja kwa miaka.

Tukubali lakini jambo moja. Ule uwanja ulijaa. Usiku ule watu walikaa hadi mwisho, wakapiga kelele, wakaipenda dabo. Wakubwa wa tenisi wamechukua funzo kwamba watu wanataka mastaa. Funzo jingine lilikuwa palepale mbele yao: ukiiweka dabo kwenye uwanja mkubwa, usiku, taa zote zimewaka, watu wanakuja, na wakishakuja wanagundua kwamba wale wasiowajua ndio wanaoujua mchezo. Hilo limepuuzwa, maana likikubaliwa itabidi hela zigawanywe upya.

Kwa nini mtu wa Dar au Nairobi ajali haya yote? Kwa sababu Mkenya wa kwanza kubeba kombe lolote la Grand Slam alilibeba kwenye dabo. Angella Okutoyi, Julai 2022, Wimbledon ya wasichana, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Walimaliza kazi kwa tai-breki ya 11-9 dhidi ya Wakanada wawili. Mmoja wa hao Wakanada alikuwa Victoria Mboko, binti wa wazazi kutoka Kongo, ambaye mwaka 2025 alikuja kubeba kombe la Montreal kwenye singo na dunia nzima ikamjua jina. Wote wawili walikuwa kwenye uwanja mmoja, na siku ile aliyeshinda ni Okutoyi.

Furaha ile mliiona. Bendera kila status, pongezi kutoka kila ofisi. Na chini ya kila posti palikuwa na mtu anauliza: "Singo je?" Kama vile alichokileta ni kianzio tu, chakula chenyewe bado. Okutoyi ameendelea na singo na anaiweza, alichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra mwaka 2024, na akipenda aende nayo hadi mwisho. Lakini siku akisema anataka kuifanya dabo kuwa kazi yake, asitokee mtu kumwambia amekata tamaa. Kwa nchi ambazo mchezaji anatafuta nauli ya kwenda mashindano kwa kuchangisha, dabo ni mlango wa kweli: safari mnagawana, kocha mnagawana, na mwili unadumu. Bopanna alicheza hadi miaka 45.

Yeye mwenyewe safari yake haikuishia kwenye picha nzuri ya Melbourne. Machi 2024 alibeba Miami, akavunja rekodi yake mwenyewe ya uzee. Olimpiki ya Paris akatolewa raundi ya kwanza tu, na hapo akamaliza kuichezea India. Kwenye Olimpiki hiyohiyo patna wake Ebden aliungana na Mwaustralia mwenzake John Peers, wakachukua dhahabu. Ndoa ya dabo hiyo, mwenzio anavaa medali na wewe uko nyumbani unaangalia. Msimu ulipoisha wakaachana.

Mashindano yake ya mwisho yalikuwa Paris Masters, mwishoni mwa Oktoba 2025, na Novemba 1 akatangaza kustaafu akiwa na makombe 26 ya ATP. Patna wake wa mwisho alikuwa Alexander Bublik, mtu wa singo kutoka Kazakhstan. Walitolewa raundi ya kwanza, kwenye tai-breki ya kuamua.